Kuchimbua Mkondo Bila Kuangamiza Viumbe Adimu: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Pampu ya meli ya kuchimbua haichagui. Chochote kilichotulia chini ya maji hupanda pamoja na mchanga: kome, mkunga aliyejizika topeni, kasa aliyelala. Mwaka 1980, katika mkondo wa Canaveral huko Florida, Marekani, kasa 71 walinaswa na meli za kunyonya mchanga katika mradi mmoja wa kuongeza kina. Mengi yanayofanyika leo kuwakinga kasa yalianza kutafutwa baada ya hapo.

Mwongozo huu ni kwa mtu anayesimamia kazi ya kuchimbua mto, mfereji, bandari au mlango wa bahari, na kwa afisa wa mazingira anayetakiwa kumsimamia huyo msimamizi. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: mnyama huokolewa kwenye ratiba na kwenye mkataba, kabla mashine haijagusa maji. Mapazia ya tope (vitambaa vinavyotundikwa majini kuzuia tope lisisambae) na waangalizi wenye darubini wana kazi yao, lakini mradi unaowategemea hao peke yao tayari umechelewa.

Hatua ya 1: Jua nani anaishi hapo, na lini

Anza na Orodha Nyekundu ya IUCN, yaani orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini inayotolewa na muungano wa kimataifa wa uhifadhi, na orodha ya viumbe wanaolindwa kisheria katika nchi husika, ila usiishie hapo. Kuna viumbe ambao duniani si adimu, lakini kundi lililo kwenye mto wako ndilo la mwisho katika bonde zima. Wengine hawamo hatarini kabisa ila hawavumilii tope, na wakifa wao, adimu aliyekuwa akiwala anahama au anakufa njaa. Nyasi bahari ni mfano: nguva anaishi kwa kuzila, nazo huishi kwa mwanga wa jua. Maji yakichafuka kwa wiki nyingi, nyasi hufa bila mashine kuzigusa.

Eneo la kukagua lisiwe pale tu kijiko kitakapofika. Weka humo sehemu ambayo wingu la tope litasambaa, mahali pa kumwaga udongo, njia ya tishari, njia ya bomba, na ukingo ambao magari mazito yatapita. Mashimo ya wanyama na viota vya ndege huweza kuharibiwa na barabara ya muda hata pale uchimbaji wenyewe usipovigusa.

Kwa njia za kukagua, tumia zaidi ya moja. Wazamiaji na sampuli za tope huonyesha wakaazi wa chini. Vinasa sauti vya majini huonyesha pomboo na nyangumi hata usiku. Vinasaba vilivyoachwa ndani ya maji vinaweza kupimwa kutoka kwenye chupa moja, na ni njia nzuri ya kujua kama kiumbe yupo, lakini havikuambii wako wangapi wala wamekaa wapi hasa, kwa kuwa mkondo unavibeba. Na waulize wavuvi. Mvuvi anajua ni mwezi gani samaki fulani hupanda, na ni shimo gani hujaa wakati wa kiangazi. Uchunguzi wa mara moja, tena katika mwezi mmoja, hautoshi: anayehama hutamkuta.

Matokeo yote yaandike kwenye kalenda moja ya ukutani. Kiumbe kwenye mstari wake, miezi kumi na miwili mbele yake, rangi moja kwa kutaga mayai, nyingine kwa kuhama, nyingine kwa kulea. Kisha wagawe katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni wanaokuja na kuondoka: hao watalindwa kwa ratiba. Kundi la pili ni wakaazi wa kudumu, kama kome, au watoto wa lamprei wanaokaa topeni miaka kadhaa kabla ya kukomaa. Hao hakuna mwezi utakaowaokoa. Itabidi uwahamishe, uwakwepe au ubadilishe mashine. Mipango mingi niliyoisoma huyachanganya makundi haya mawili na kuandika "kazi itafanyika nje ya msimu wa kuzaliana", kana kwamba kome atafungasha mizigo akaondoka.

Hatua ya 2: Punguza kazi kabla ya kuipanga

Uliza kwanza kama kuna haja ya kuchimba urefu wote. Mara nyingi kinachozuia maji au meli ni fungu moja la mchanga, gogo lililolala, au daraja lenye njia finyu. Ukiondoa hilo, sehemu iliyobaki inaweza kuachwa.

Kama lazima kuchimba, acha ukingo mmoja bila kuguswa, acha utepe wa mimea ya majini kandokando, na usiugeuze mto kuwa mfereji ulionyooka wenye kina kimoja. Samaki wanahitaji mahali penye kina wakati wa joto na mahali penye maji machache pa kulelea vifaranga. Ukishasawazisha chini yote, umewanyima vyote viwili. Tazama pia tope linatoka wapi. Kama chanzo ni kingo zinazomomonyoka huko juu, utarudi hapo baada ya miaka michache kuwavuruga viumbe walewale.

Hatua ya 3: Chagua dirisha la kazi

Sasa rudi kwenye kalenda na utafute miezi isiyo na rangi. Matumbawe mengi hutaga kwa pamoja, kwa kawaida siku chache baada ya mwezi mpevu, katika msimu unaojulikana. Australia Magharibi miradi hutakiwa kusimamisha uchimbaji unaotifua tope katika siku hizo, kwa kuwa mayai na viluwiluwi vya matumbawe havihimili mashapo. Samaki wanaopanda mto kutaga nao wana miezi yao.

Ugumu uko pale madirisha yanapogongana. Kusini-mashariki mwa Marekani, kwa miaka mingi meli za kunyonya mchanga zilielekezwa kufanya kazi majira ya baridi, wakati kasa ni wachache karibu na pwani. Lakini hiyo ndiyo miezi ambayo nyangumi wa Atlantiki ya Kaskazini waitwao kwa Kiingereza right whale, walio hatarini mno kutoweka, huzalia katika maji hayohayo. Suluhisho halikuwa kuchagua mmoja na kumsahau mwingine. Kazi ilifanyika majira ya baridi, na meli zikiwa safarini zilipunguza mwendo na kuweka walinzi wa kutazama nyangumi. Ukikutana na mgongano kama huo, uliza: ni kiumbe yupi ambaye hatari yake haiwezi kupunguzwa kwa namna nyingine yoyote? Huyo ndiye apewe kalenda. Mwenzake apewe mbinu.

Weka akiba ya muda ndani ya dirisha. Mashine huharibika, dhoruba huja, na wiki mbili za mwisho daima kuna barua ya kuomba nyongeza. Jibu la barua hiyo liandikwe kwenye mkataba kabla ya kusainiwa.

Hatua ya 4: Chagua mashine

Meli ya kunyonya inayotembea huku ikiburuta kichwa chake chini ni ya haraka, ila ndiyo yenye hatari kubwa kwa kasa na samaki kama stejeni, na hutoa wingu la tope inapomwaga maji ya ziada kutoka kwenye tumbo lake. Meli ya kukata na kunyonya hukaa mahali pamoja na husukuma tope kwa bomba, hivyo hugongana na wanyama wakubwa kwa nadra, lakini hutafuna kila kilichojichimbia. Kijiko na ndoo za kufumba ni za polepole. Mnyama ana nafasi ya kukimbia, na ndoo inayofunga vizuri humwaga tope kidogo inapopanda. Njia ya kulainisha tope kwa maji ili mkondo ulibebe yenyewe ni nafuu, na mimi singeikubali mahali penye matumbawe au vitanda vya kome upande wa chini wa mkondo.

Kwa maji yenye viumbe wakubwa adimu, ningelipia polepole ya ndoo kuliko haraka ya pampu kila mahali ambapo kina na ukubwa wa kazi vinaruhusu.

Hatua ya 5: Iandike kwenye mkataba

Hapa ndipo miradi mingi huanguka, na si kwa ubaya wa mtu. Meli ya kuchimbua ikisimama, mkandarasi anaendelea kulipa mafuta, mishahara na mkopo. Kama kila dakika ya kusimama inatoka mfukoni mwake, mwangalizi aliyeona pomboo atatazamwa kama adui, na siku ya tatu ataanza kuona mawimbi tu.

Kwa hiyo weka kwenye jedwali la gharama kipengele cha malipo ya kusubiri kwa ajili ya wanyama, chenye kiwango cha saa kilichokubaliwa wakati wa zabuni. Halafu tenganisha: kusimama kwa sababu mnyama amekuja, mradi unalipa, kusimama kwa sababu mkandarasi amevuka kiwango cha tope, analipa mwenyewe. Taja kwa cheo nani ana mamlaka ya kusimamisha kazi papo hapo bila kumpigia mtu simu, na nani peke yake anaweza kuruhusu ianze tena. Mwangalizi asiajiriwe na mkandarasi wala asiwe chini ya nahodha.

Andika pia viwango. Tuseme vipimo vya miezi kadhaa vinaonyesha maji ya hapo huwa na tope la NTU 8 (NTU ni kipimo cha uchafukaji wa maji: namba ikipanda, tope limezidi) siku za kawaida na 25 baada ya mvua. Ukiweka kikomo kimoja cha 20, utasimamisha kazi kwa kosa la mvua. Afadhali kikomo kiwe tofauti kati ya kituo kilicho juu ya kazi na kituo kilicho chini yake, kwa ngazi tatu: ya kwanza, chunguza, ya pili, punguza kasi au acha kumwaga maji ya ziada, ya tatu, simama. Ngazi zenyewe zipangwe na mtaalamu wa kiumbe unayemlinda, kwa kuwa uvumilivu wa kome si wa tumbawe.

Hatua ya 6: Hamisha wakaazi wa kudumu

Kome wa maji baridi ndio mfano mzuri, tena ndio wanaosahaulika, maana hawana sura ya kuwekwa kwenye bango. Kome wa lulu wa mtoni anaweza kuishi zaidi ya miaka 100. Ukimmwaga ukingoni na udongo, umepoteza karne.

Gawa eneo kwa kamba, wazamiaji wapite mstari kwa mstari, wapapase kwa mikono na siyo kutazama tu, halafu warudie mpaka raundi mbili zipite bila kupata wapya wengi. Kome waliotolewa wakae ndani ya wavu kwenye maji ya mto uleule, kivulini, na muda wa kuwa nje ya maji uwe mfupi kadiri iwezekanavyo. Usiwahamishe wakati wa joto kali, wala wakati majike wamebeba vilui, yaani watoto wadogo mno, kwani wakisumbuliwa huvitema kabla havijakomaa.

Makazi mapya yawe juu ya mkondo kutoka kwenye kazi, yenye chini inayofanana, na ambako tayari wako wengine wa aina hiyohiyo. Wapandikize mmoja mmoja, upande wa kufyonzea maji ukitazama juu. Ukiwamwaga kama changarawe, mkondo utawabeba. Bandika namba kwa baadhi yao ili uweze kuwatafuta baadaye. Na kagua samaki wa hapo. Vilui vya kome hawa hujishikiza kwenye matamvua ya samaki wa aina fulani ili wakue. Kama samaki huyo hayupo, kome wako atakaa pale miongo akiwa hai, bila mtoto hata mmoja, na ripoti itaendelea kusema uhamisho ulifaulu.

Hatua ya 7: Nidhamu ya pampu na macho ya walinzi

Kasa hanyonywi sana wakati kichwa cha kunyonyea kimezama mchangani. Hunyonywa wakati kichwa kinaning'inia juu kidogo ya sakafu ya bahari huku pampu inavuta, kwa kuwa hapo mdomo uko wazi pande zote. Amri kwa mwendesha pampu basi ni fupi: pampu isivute mpaka kichwa kiwe kimekaa chini, na mvuto ukatwe kabla ya kukinyanyua. Bomba likiziba na ikabidi kuinua kidogo ili maji yasafishe, mvuto upunguzwe na kichwa kisipande zaidi ya inavyolazimu.

Mbele ya kichwa hufungwa kikingio cha chuma chenye umbo la V. Hicho husukuma tuta la mchanga mbele yake, na tuta hilo ndilo humgusa kasa na kumsogeza pembeni. Hufanya kazi pale tu kinapolima mchanga, angalau sentimita 15 kwenda chini. Chini pakiwa na mabonde na matuta, kikingio huelea juu ya bonde na kuacha upenyo. Ndiyo maana siku za mwisho za kusawazisha, ambazo watu huziona kama kazi ya kumalizia tu, ni za hatari kuliko za mwanzo. Kwa kazi hiyo tafuta njia nyingine ya kusawazisha badala ya kupitisha pampu tena na tena juu ya vilima.

Kwenye njia ya kuingilia mchanga tumboni, weka wavu wa chuma wenye matundu ya takriban sentimita 10, na mwangalizi aukague baada ya kila shehena. Atatafuta vipande: gamba, ngozi, pezi. Kipande kimoja kipigwe picha, kipimwe, na kazi isimame mpaka ijulikane kwa nini. Taa za sitaha ziinamishwe na zifunikwe upande wa ufuo, kwa sababu vifaranga wa kasa hufuata mwanga na kupotea njia ya bahari.

Kwa wanyama wanaopumua juu ya maji, wape walinzi mahali pa juu pasipozibwa na kreni, na wapokezane kabla macho hayajachoka. Huko Florida kanuni kwa ajili ya manatii, jamaa ya nguva, ni kwamba mashine zote zisimame mnyama akifika mita 15. Hatari nyingine kwake ni kubanwa kati ya tishari na gati, kwa hiyo weka maboya ya kuacha nafasi kati yao. Kama kuna kulipua mwamba au kupigilia nguzo, kelele yake ni ya daraja jingine kabisa kuliko ya pampu. Mwongozo wa JNCC, chombo kinachoishauri serikali ya Uingereza kuhusu uhifadhi, juu ya kupigilia nguzo unataka uangalizi wa dakika 30 kabla ya kuanza, katika eneo lisilopungua mita 500. Pigo la kwanza liwe dogo na nguvu iongezwe polepole. Kulipua usiku au kwenye ukungu, kataa.

Hatua ya 8: Shika tope

Pazia la tope hupendwa kwa sababu linaonekana kwenye picha. Mkondo ukizidi takriban nusu mita kwa sekunde, hujikunja, hupeperuka na kupitisha tope chini yake. Kwenye maji yaliyotulia lifunge vizuri, likaguliwe kila siku, na lisizibe njia nzima, maana samaki au kasa anaweza kunaswa ndani. Kwenye maji yenye kasi, pesa hiyo ipeleke kwenye ndoo ya kufumba na kupunguza kumwaga maji ya ziada.

Kilichotokea Miami kinafaa kukumbukwa na kila anayechora mpaka wa athari kwenye ramani. Mfereji wa bandari uliongezwa kina kati ya 2013 na 2015, na mashapo yakafunika matumbawe ya eneo hilo. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 ulikadiria kuwa zaidi ya nusu milioni ya matumbawe yaliyo ndani ya nusu kilomita kutoka kwenye mfereji yalikufa. Kwa hiyo pima pia unene wa mashapo yanayotua chini, siyo tope linaloelea tu. Maji yanaweza kuonekana safi ilhali tumbawe limeshafunikwa.

Tope jeusi lenye harufu ya mayai viza likitifuliwa hula oksijeni. Weka kipimo kinachorekodi mfululizo. Samaki wengi huanza kuhangaika ikishuka chini ya miligramu 5 kwa lita. Kiwango huwa cha chini kabisa alfajiri, hivyo siku za joto anza kazi jua likishapanda. Na kabla ya yote hayo, tope la bandari na viwanda lipimwe zebaki, mafuta na sumu za rangi za meli, kwa kuwa kulitifua ni kuzirudisha kwenye midomo ya samaki.

Hatua ya 9: Kagua udongo uliotolewa

Mtu mmoja, mwenye buti na ndoo ya maji, kazi yake iwe kutembea nyuma ya kijiko. Mkunga hujionyesha haraka kwa kujinyonganyonga. Kome hafanyi hivyo: hujifunga, hufanana na jiwe lenye tope, na hukaa kimya saa nyingi mpaka jua limkaushe. Lundo la kwanza lichambuliwe kwa mkono. Likitoa kome wengi, uhamisho wa hatua ya 6 haukukamilika, simama. Udongo ulazwe mteremko ukielekea majini, siyo ng'ambo ya tuta, ili anayeweza kutambaa arudi mwenyewe.

Tope la mikokoni na la vinamasi vya pwani linaweza kuwa na salfidi, ambayo ikikutana na hewa hugeuka asidi, mvua ikaisukuma mtoni. Lipime mapema, kisha lihifadhiwe likiwa limelowa au lichanganywe na chokaa. Mashine zikihamia mto mwingine zioshwe na kukaushwa, zisibebe gugu wala kome mgeni.

Hatua ya 10: Ajali, na miezi ya baadaye

Mnyama akifa, kazi isimame kwanza, picha na sampuli zichukuliwe, mamlaka ijulishwe siku hiyohiyo, na kumbukumbu za pampu za saa ile zihifadhiwe kabla hazijafutwa na mfumo. Ni marufuku kumtisha au kumfukuza mwendesha pampu kwa kuripoti. Akitishwa, kipande kinachofuata kitatupwa majini.

Mashine zikiondoka, vipimo vibaki. Kingo za mfereji mpya huendelea kuporomoka na kutoa tope. Kome waliopewa namba watafutwe baada ya mwezi mmoja na tena baada ya mwaka. Nyasi bahari na matumbawe vifuatiliwe kwa miaka, pamoja na eneo la kulinganishia ambalo halikuchimbwa. Bajeti ya hayo itengwe kwenye akaunti ya peke yake mwanzoni kabisa, maana mradi ukishakabidhiwa hakuna anayekumbuka kulipia mzamiaji.